Kutoka Naliendele hadi kitalu cha Newala: Leseni za uvumbuzi wa Serikali zinavyofanya kazi

Na Mwandishi Wetu, Newala

Mkulima wa korosho katika uwanda wa juu wa Makonde anapopanda mche uliobebeshwa, anapanda matokeo ya miaka mingi ya kazi ya watafiti. Mche huo una sehemu mbili: shina la chini lililooteshwa kutokana na mbegu, na kikonyo kilichokatwa kwenye mti mama ambao mavuno yake, ukubwa wa korosho zake na ustahimilivu wake dhidi ya magonjwa vilipimwa msimu baada ya msimu kabla ya aina hiyo kuruhusiwa kutumika.

Kwa kawaida mkulima huuliza bei ya mche na muda utakaopita kabla ya kuvuna. Yapo, hata hivyo, maswali mengine ambayo majibu yake huamua kama mche huo ni wa kuaminika. Nani mmiliki wa aina hiyo ya mkorosho? Nani ameruhusiwa kuizalisha na kuiuza? Fedha inayolipwa kwa ruhusa hiyo inakwenda wapi? Na iwapo utafiti uligharamiwa kwa kodi na tozo za wananchi, kwa nini mwananchi atakiwe kuwa na leseni ili atumie matokeo yake kibiashara?

Makala haya yanaeleza jinsi uvumbuzi unaopatikana katika taasisi za utafiti za umma unavyolindwa, unavyohawilishwa na unavyomfikia mtumiaji, kwa kutumia mfano wa zao la korosho ambalo ndilo nguzo ya uchumi wa Newala, Masasi, Tandahimba na maeneo jirani.

Historia inayobeba funzo

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000 za korosho ghafi. Kufikia msimu wa 1986/87 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: bei ndogo kwa mkulima, kuhamishwa kwa wananchi wakati wa uanzishaji wa vijiji, jambo lililowaweka wakulima mbali na mashamba yao, pamoja na ugonjwa wa ubwiriunga, unaoshambulia maua na majani machanga na kuifanya mikorosho ishindwe kuzaa.

Katika kipindi hichohicho nchi ilikuwa imejenga viwanda 12 vikubwa vya kubangua korosho, vikiwemo vya Newala na Masasi, kwa kutumia mitambo ya teknolojia ya Italia na Japani. Viwanda hivyo vilikuwa na uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, lakini vilipokamilika malighafi ilikuwa imekwisha kupungua sana. Vingi vilisimama, na baadhi havikuwahi kufanya kazi kwa kiwango kilichokusudiwa.

Historia hiyo inafundisha kwamba kununua mtambo na kupata teknolojia ni mambo mawili tofauti. Mtambo unaweza kusafirishwa kwa meli na kusimikwa kwa miezi michache. Teknolojia ni mtambo pamoja na ujuzi wa kuuendesha, haki ya kutengeneza vipuri vyake, uwezo wa kuurekebisha ulingane na mazingira ya mahali, na uhakika wa malighafi inayolishwa ndani yake. Mkataba unaohawilisha kimoja tu kati ya hivyo huacha pengo ambalo hujitokeza baadaye, wakati aliyeuza mtambo amekwisha kuondoka.

Upande wa shambani mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Kituo cha utafiti cha Naliendele, kilichopo nje kidogo ya mji wa Mtwara na ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kilifanya utafiti wa namna ya kudhibiti ubwiriunga kwa kutumia salfa, na kuchambua mikorosho yenye sifa bora ili izalishwe kwa njia ya kubebesha. Matokeo ya kazi hiyo, pamoja na mabadiliko ya bei na ya mfumo wa masoko, yalichangia kulirejesha zao hili katika nafasi yake.

Njia tatu za kuhawilisha teknolojia

Uhawilishaji wa teknolojia ni mchakato wa kuhamisha ujuzi, mbinu, kifaa au aina ya mmea kutoka kwa aliyeuvumbua kwenda kwa atakayeutumia. Katika taasisi za umma, mchakato huo hupita katika mojawapo ya njia tatu, na ni muhimu mwananchi azitofautishe.

Njia ya kwanza ni huduma za ugani. Hapa taasisi hutoa ujuzi bure kwa wote. Mapendekezo kuhusu wakati wa kuanza kupulizia salfa, kiasi kinachofaa kwa mti na idadi ya mizunguko kwa msimu ni ujuzi uliotokana na utafiti, lakini hakuna mkulima anayehitaji leseni ili kuufuata. Ujuzi wa namna hii huleta manufaa zaidi kadiri unavyotumiwa na watu wengi, kwa sababu shamba lisilohudumiwa huwa chanzo cha ugonjwa kwa mashamba ya jirani.

Njia ya pili ni leseni. Hapa taasisi inabaki kuwa mmiliki wa uvumbuzi, lakini inampa mtu, kikundi au kampuni ruhusa ya kuuzalisha na kuuza kwa masharti maalumu. Njia hii hutumika pale ambapo bidhaa inahitaji mzalishaji mwenye mtaji, vifaa na udhibiti wa ubora. Miche iliyobebeshwa, mbegu za mazao mengine, mashine za kubangulia korosho na mbinu za kusindika mabibo ni mifano ya vitu vinavyoweza kuhawilishwa hivyo.

Njia ya tatu ni uhamishaji wa umiliki wenyewe, ambapo taasisi humkabidhi mwingine haki zake zote. Njia hii inahitaji tahadhari kubwa zaidi kwa mali iliyopatikana kwa fedha za umma, kwa kuwa baada ya kusaini taasisi haina tena kauli juu ya bei, ubora wala upatikanaji wa bidhaa husika.

Nani mmiliki wa uvumbuzi wa mtafiti wa Serikali

Kwa mujibu wa Sheria ya Hataza, Sura ya 217, ambayo ilitungwa mwaka 1987, haki ya hataza kwa uvumbuzi uliopatikana katika utekelezaji wa mkataba wa ajira ni ya mwajiri, isipokuwa mkataba ukieleza vinginevyo. Hivyo mhandisi wa taasisi ya umma anayebuni mashine wakati wa kazi aliyoajiriwa kuifanya hawezi kuisajili kuwa mali yake binafsi na kuiuza. Jina lake, hata hivyo, lina haki ya kutajwa kuwa ndiye mvumbuzi, na sera nzuri ya taasisi humtengea sehemu ya mapato yanayotokana na kazi yake.

Hataza husimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kwa upande wa Tanzania Bara, ilhali Zanzibar ina sheria na mamlaka yake. Ili uvumbuzi upewe hataza unapaswa kuwa mpya, uwe na hatua ya kiuvumbuzi, yaani usiwe jambo ambalo fundi yeyote wa fani hiyo angelifikia kwa urahisi, na uweze kutumika viwandani, neno ambalo hapa linajumuisha pia kilimo na ufundi.

Aina za mimea haziingii katika hataza. Zina sheria yake, ambayo ni Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Aina Mpya za Mimea Na. 9 ya mwaka 2012, inayosimamiwa na Msajili aliye chini ya Wizara ya Kilimo. Tarehe 22 Novemba, 2015 Tanzania ilijiunga na Umoja wa Kimataifa wa Kulinda Aina Mpya za Mimea (UPOV), na hivyo aina zinazolindwa nchini hupimwa kwa vigezo vinavyotambulika kimataifa. Aina inayoombewa ulinzi inapaswa kuwa mpya, iwe tofauti na nyingine zinazojulikana, mimea yake ifanane, sifa zake zisibadilike kizazi hadi kizazi, na iwe na jina lake. Ulinzi hudumu kwa miaka 20, na kwa miti hufikia miaka 25.

Sharti la upya ndilo lenye mtego. Aina iliyokwisha kuuzwa nchini kwa ridhaa ya mgunduzi kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi kuwasilishwa huhesabika kuwa si mpya tena. Taasisi inayosambaza aina yake kwanza na kufikiria usajili baadaye inaweza kujikuta imepoteza haki hiyo moja kwa moja. Hali inakaribiana kwa mashine: kuionesha na kuieleza kwa undani katika maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya Ngongo mkoani Lindi kabla ya kuwasilisha maombi kunaweza kuharibu sifa yake ya upya.

Zipo pia sheria zinazoandamana na hizo. Sheria ya Mbegu Na. 18 ya mwaka 2003 inasimamia ubora wa mbegu zinazoingia sokoni, na chombo chake ni Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI). Sheria Na. 10 ya mwaka 2016 ndiyo iliyoanzisha TARI. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, ina jukumu la kuratibu utafiti na uhawilishaji wa teknolojia nchini.

Kwa nini leseni, ilhali fedha ni za umma

Hoja kwamba kilichogharamiwa na umma kitolewe bure kwa umma ina uzito, na haipaswi kupuuzwa. Mwananchi aliyekwisha kulipia utafiti kupitia kodi na tozo ana sababu ya kuuliza kwa nini alipe tena. Zipo hoja tatu zinazoeleza kwa nini leseni bado inahitajika.

Ya kwanza ni ubora. Mkorosho huchavushwa kwa mchanganyiko, kwa hiyo korosho iliyookotwa chini ya mti bora haina uhakika wa kuzaa mti wenye sifa za mama yake. Uhakika hupatikana kwa kubebesha kikonyo kutoka mti mama unaojulikana. Mche wa aina bora na mche wa kikonyo kilichookotwa popote hufanana kitaluni, na macho ya mnunuzi hayawezi kuvitofautisha. Mkulima hugundua kosa baada ya takriban miaka mitatu, mti unapoanza kuzaa, na wakati huo amekwisha kutumia ardhi, nguvu kazi na maji, ambayo katika uwanda huu wa Makonde ni adimu. Leseni huunda mnyororo wa uwajibikaji: kila kitalu chenye leseni kinajulikana, vikonyo vyake vina kumbukumbu, na mwenye kukiuka anaweza kunyang'anywa ruhusa.

Ya pili ni uwekezaji. Teknolojia nyingi zinapotoka maabara bado hazijafaa kuuzwa. Zinahitaji majaribio, vifungashio, mitambo na masoko. Uzoefu wa Marekani unaeleza jambo hili vizuri. Kabla ya mwaka 1980 Serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikimiliki hataza zinazokadiriwa kufikia 28,000 zilizotokana na utafiti ilioufadhili, lakini chini ya asilimia 5 ndizo zilizokuwa zimepewa leseni kwa ajili ya bidhaa za kibiashara. Desemba 1980 ilitungwa sheria inayoitwa Bayh-Dole, iliyoruhusu vyuo vikuu na kampuni ndogo kumiliki na kutoa leseni za uvumbuzi uliofadhiliwa na Serikali. Sheria hiyo iliiachia Serikali haki ya kuutumia uvumbuzi huo bila malipo, na uwezo wa kuingilia kati pale mwenye haki anaposhindwa kuuendeleza.

Ya tatu ni uendelevu wa utafiti. Ugonjwa haumsubiri mtafiti apate bajeti. Baada ya ubwiriunga, wakulima wa korosho wamekabiliana na blaiti na mnyauko fusari. Mrabaha unaotokana na leseni, ukirejeshwa katika utafiti, husaidia kuandaa aina zitakazokabili magonjwa ya kesho.

Hoja hizo zina nguvu pale tu leseni inapoandikwa kwa kuzingatia masilahi ya umma. Leseni mbaya inaweza kumfungia mwananchi nje ya mali aliyoigharamia mwenyewe. Kwa sababu hiyo vipengele vya mkataba vinastahili kutazamwa kimoja baada ya kingine.

Leseni ya kipekee na isiyo ya kipekee

Leseni ya kipekee humpa mtu mmoja pekee haki ya kuzalisha na kuuza, kiasi kwamba hata taasisi yenyewe inaweza kuzuiwa kumpa mwingine. Leseni isiyo ya kipekee hutolewa kwa wengi kwa wakati mmoja.

Kwa miche ya korosho, leseni isiyo ya kipekee ndiyo inayoendana zaidi na mazingira ya kusini. Vijiji vimetawanyika, miche huharibika ikisafirishwa umbali mrefu, na vikundi vya vijana na wanawake pamoja na vyama vya msingi vya ushirika vinaweza kuendesha vitalu karibu na mashamba. Kampuni moja ikipewa haki ya mkoa mzima, vikundi hivyo hukosa kazi na bei hukosa ushindani.

Hali inaweza kuwa tofauti kwa teknolojia inayohitaji mtaji mkubwa. Mfano ni usindikaji wa mabibo. Kila msimu kiasi kikubwa cha mabibo huachwa chini ya miti mara korosho inapong'olewa, ingawa tunda hilo linaweza kutoa juisi, jamu na mvinyo. Bibo huharibika haraka, mara nyingi ndani ya siku moja baada ya kuanguka, na mwekezaji wa kiwanda anahitaji uhakika kabla ya kuweka fedha zake. Hapo taasisi inaweza kufikiria leseni ya kipekee, ila kwa muda mfupi, kwa eneo maalumu, na kwa sharti kwamba asiyezalisha kiwango kilichokubaliwa ndani ya muda uliowekwa atapoteza upekee huo.

Malipo: ada na mrabaha

Malipo ya leseni huwa na sura mbili kuu. Ada ya kuanzia hulipwa mara moja wakati wa kusaini. Mrabaha hulipwa kadiri mauzo yanavyofanyika. Uwiano kati ya viwili hivyo huamua nani anabeba hasara mwaka unapokuwa mbaya.

Tuchukue mfano wa kufikirika, ambao si bei wala kiwango rasmi. Kikundi kina kitalu na kinauza miche 10,000 kwa shilingi 1,500 kila mmoja. Mauzo yake ni shilingi 15,000,000. Mrabaha ukiwa asilimia 3, kikundi kitalipa shilingi 450,000. Mwaka unaofuata mvua inachelewa, wakulima hawapandi, na kikundi kinauza miche 2,000 tu. Mauzo yanakuwa shilingi 3,000,000 na mrabaha shilingi 90,000. Kama mkataba ungetaka ada ya kudumu ya shilingi 450,000 kila mwaka, kikundi kingelazimika kuilipa yote, sawa na asilimia 15 ya mauzo yake katika mwaka wa shida.

Mfano huo unaonesha kwa nini mtu mwenye mtaji mdogo anapaswa kupendelea mrabaha kuliko ada kubwa ya kudumu, na kwa nini taasisi nayo inapaswa kudai kumbukumbu sahihi za mauzo. Mrabaha hauwezi kukokotolewa pasipo daftari la mauzo, na taasisi isiyokagua daftari hilo itapokea chochote itakachopewa.

Mambo ya kutazama kabla ya kusaini

Mkataba wa leseni unatakiwa kuwa wa maandishi na kusainiwa na pande zote, na leseni ya hataza husajiliwa katika mamlaka husika. Pamoja na hayo, anayekusudia kuchukua leseni ya teknolojia ya Serikali anashauriwa kuhakikisha mkataba unaeleza mambo yafuatayo bila utata.

Kwanza, kitu kinachotolewa: jina la aina ya mmea au namba ya hataza, na kama ujuzi wa ziada, michoro na mafunzo ni sehemu ya mkataba. Pili, eneo na muda wa leseni. Tatu, kama leseni ni ya kipekee. Nne, kiwango cha malipo, tarehe za kulipa na namna ya kukokotoa. Tano, viwango vya ubora na nani atakagua. Sita, umiliki wa maboresho. Fundi anayechukua mashine ya kubangulia na kuipunguzia idadi ya korosho zinazovunjika amefanya kazi yenye thamani, na mkataba unapaswa kusema maboresho hayo ni ya nani. Saba, vipuri na msaada wa kiufundi, jambo ambalo historia ya viwanda 12 inalisisitiza. Nane, namna ya kutatua migogoro na sababu zinazoweza kuvunja mkataba.

Kwa upande wa taasisi ya umma, vipengele vingine vitatu ni vya lazima ikiwa masilahi ya wananchi yatalindwa. Serikali ibaki na haki ya kuutumia uvumbuzi kwa utafiti na kwa dharura. Mwenye leseni awe na wajibu wa kuzalisha, ili asiikalie teknolojia kwa lengo la kuzuia washindani. Na kuwe na sharti la upatikanaji kwa mkulima mdogo. Pale mwenye haki anaposhindwa kukidhi mahitaji ya umma, sheria zetu za hataza na za aina za mimea zinatoa nafasi ya leseni ya lazima, inayotolewa na mamlaka hata kama mwenye haki hakuridhia.

Haki ya mkulima inabaki wapi

Wapo wananchi wanaohofia kwamba aina ya mkorosho ikisajiliwa, mkulima atashitakiwa kwa kuwa nayo shambani. Hofu hiyo inastahili maelezo. Mkulima aliyenunua mche halali ni mmiliki wa mti wake na wa korosho zake zote. Anavuna, anapeleka ghalani kupitia chama chake cha msingi na kulipwa, bila kudaiwa mrabaha wowote kwa mavuno hayo.

Sheria pia inaacha nje ya zuio matendo ya matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara, majaribio, na matumizi ya aina iliyolindwa katika kuzalisha aina nyingine mpya. Kinachohitaji ruhusa ni kuzalisha miche ya aina iliyolindwa kwa ajili ya kuuza. Aidha, mikorosho ya asili ambayo wazee wa Newala waliipanda, na aina ambazo ulinzi wake umekwisha au haukuwahi kuombwa, si mali ya mtu yeyote kwa mujibu wa sheria hii. Hata hivyo, anayeuza mbegu au miche kibiashara bado anawajibika chini ya Sheria ya Mbegu, iwe aina hiyo imelindwa au haijalindwa.

Jambo jingine ambalo mafundi wa Newala na Masasi wanaweza kunufaika nalo ni kwamba hataza ina mipaka ya nchi. Uvumbuzi uliosajiliwa ng'ambo, lakini haukusajiliwa hapa nchini wala kupitia Shirika la Miliki Bunifu la Kanda ya Afrika (ARIPO) kwa kuitaja Tanzania, hauzuii fundi wa hapa kuutengeneza na kuuza ndani ya nchi. Nyaraka za hataza ziko wazi kwa umma na zina michoro kamili. Fundi anayetafuta namna bora ya kubangua korosho anaweza kuzisoma kwa msaada wa BRELA kabla ya kutumia fedha kuvumbua kilichokwisha kuvumbuliwa.

Hatua za kufuata

Mwananchi au kikundi kinachotaka kuzalisha miche ya aina iliyotolewa na taasisi ya umma kianze kwa kuwasiliana na ofisi ya kilimo ya halmashauri yake, ambayo itakielekeza TARI Naliendele. Taasisi itaeleza aina zinazofaa kwa eneo husika, masharti ya kupata vikonyo na mafunzo ya kubebesha. Kikundi kihakikishe kimesajiliwa kisheria, kina eneo lenye maji ya uhakika na kinatunza kumbukumbu. Baada ya hapo kifuate taratibu za TOSCI kuhusu usajili na ukaguzi.

Anayetaka kutengeneza mashine au kusindika mabibo anaweza kuanzia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo hutoa mafunzo na ushauri wa kiufundi. Bidhaa ya chakula itahitaji pia kukidhi viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Leseni ya teknolojia haimwondolei mzalishaji wajibu huo.

Mwananchi aliyevumbua kitu chake mwenyewe, nje ya ajira ya umma, ndiye mmiliki wa uvumbuzi huo. Anashauriwa kutunza siri ya undani wake, kuandika tarehe na michoro, na kuonana na BRELA au COSTECH kabla ya kuuonesha hadharani. Anaweza pia kushiriki Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (MAKISATU), yaliyoanza mwaka 2019 kwa lengo la kuwaibua wabunifu wa ngazi zote, ila ahakikishe amepata ushauri kuhusu ulinzi kwanza.

Kwa mkulima anayenunua miche msimu huu, hatua ni fupi zaidi. Aulize jina la aina, aulize vikonyo vimetoka wapi, aombe kuona uthibitisho wa kitalu, na adai risiti yenye jina la aina hiyo. Muuzaji halali hana sababu ya kukataa. Risiti hiyo itunzwe mpaka miti izae, kwa kuwa itakuwa ndiyo ushahidi pekee wa mkulima endapo miaka mitatu baadaye itabainika kwamba alichouziwa sicho alichoambiwa.